Jikune Ujipatapo: Hesabu za Kiangazi cha Hollywood

Kiangazi cha 2023 kiliiachia Hollywood hesabu ambayo mtu asiye wa biashara hii huisoma mara mbili. Indiana Jones and the Dial of Destiny, filamu ya 5 ya yule mtafuta hazina mwenye kofia na mjeledi, iliuza tiketi za takriban dola milioni 384 duniani kote, na wenye mali wakalia. Talk to Me, filamu ya kutisha iliyotengenezwa Australia na ndugu wawili mapacha waliojulikana kwanza kwa video zao za YouTube, iliuza tiketi za takriban milioni 92, na wenye mali wakachekelea. Aliyeuza robo ndiye aliyeshiba, na aliyeuza mara nne yake akalala njaa. Jibu liko upande wa pili wa daftari: ya kwanza iligharimu karibu dola milioni 295 kabla tangazo hata moja halijabandikwa, ya pili milioni 4.5. Tangu hapo maoni juu ya msimu ule yamekuwa mengi, na karibu yote yanamnyooshea kidole mtazamaji. Kuna wanaosema amechoshwa na mashujaa wanaoruka angani, kuna wanaosema amechoshwa na filamu za mwendelezo, na kuna wanaosema amezoea kochi, hataki tena kuvaa viatu aende ukumbini. Makala haya yanashika njia nyingine. Mtazamaji wa kiangazi kile alisema wazi anachokipenda, akakilipia, tena alikuja kwa wingi wa kutosha kumlisha mfanyabiashara anayejua kupima. Walioshindwa kupima ni wauzaji. Wahenga walishasema ajikunaye hujikuna ajipatapo. Studio kubwa zilitaka kujikuna mahali ambapo mkono wao haukufika.

Kwanza tuuelewe msimu wenyewe. Kwa wafanyabiashara wa sinema wa Marekani, kiangazi huanza Ijumaa ya kwanza ya Mei na kufungwa na Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Shule zimefungwa, vijana hawana la kufanya, na ukumbi wenye kiyoyozi unavutia hata kwa mtu asiyejua anakwenda kutazama nini. Zamani miezi hii ilidharauliwa. Kilichobadili mambo ni Jaws, filamu ya papa ya Steven Spielberg, ambayo Universal iliifungua Juni 20, 1975 katika kumbi zaidi ya 400 kwa mpigo, ikisindikizwa na matangazo ya televisheni yaliyonunuliwa kwa wingi usiozoeleka wakati ule. Miaka miwili baadaye Star Wars nayo ilivuna kiangazi, na tangu hapo kiangazi kikawa msimu wa mavuno wa Hollywood: katika mwaka wa kawaida huleta karibu asilimia 40 ya mauzo yote ya tiketi ya Marekani na Kanada. Kiangazi cha 2023 kiliuza zaidi kidogo ya dola bilioni 4 katika nchi hizo mbili. Kwa soko ambalo mwaka mzima wa 2020 lilipata bilioni 2 na ushei tu, kwa sababu janga la korona lilifunga kumbi, mavuno hayo hayakuwa ya mtu aliyeikimbia sinema. Wateja walirudi dukani. Swali ni kwa nini baadhi ya wenye maduka walifunga hesabu wakiwa na madeni.

Jibu linaanzia kwenye tiketi moja. Tuseme mtu amelipa dola 10 dirishani. Huko Marekani studio huchukua nusu au zaidi kidogo, na inayobaki ni ya mwenye ukumbi, ambaye hata hivyo hategemei tiketi sana kama anavyotegemea bisi na soda, bidhaa ambazo faida yake haina mgawanyo na mtu. Tiketi ileile ikiuzwa Ulaya au Afrika, studio hupata takriban dola 4 kati ya 10. Ikiuzwa China, hupata 2 na nusu. Halafu linakuja tangazo, na kwa filamu kubwa ya kiangazi, kuitangaza dunia nzima hugharimu dola milioni 100 au zaidi, fedha ambazo haziingizwi kwenye bajeti inayotajwa magazetini. Ndiyo maana watu wa biashara hii wana kipimo chao cha haraka: filamu haijarudisha gharama mpaka mapato ya mlangoni yafike mara mbili na nusu ya bajeti. Kipimo hiki si cha mhasibu, ni cha dalali. Hakihesabu kila senti, lakini kinatosha kumtenganisha aliyepata na aliyekosa.

Tukipitishe kipimo hicho juu ya msimu ule. The Flash ya Warner Bros. iligharimu takriban dola milioni 200 na kuuza 271. Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One iligharimu takriban 291 na kuuza kama 570. Fast X, filamu ya 10 ya mfululizo wa Fast and Furious wa magari ya mbio, iligharimu takriban 340 na kuuza zaidi kidogo ya 700. Biashara ngapi duniani huuza bidhaa za dola milioni 700 na bado zikashindwa kutamba? Weka kando Fast X, zijumlishe Indiana Jones, The Flash na Mission: Impossible: gharama karibu milioni 790, mauzo zaidi ya bilioni 1.2. Ukiondoa mgawo wa kumbi, studio zilibaki na pungufu ya milioni 600, na matangazo bado hayajalipwa. Sasa fanya zoezi dogo. Waache watazamaji walewale, tiketi zilezile, lakini ipe kila moja ya filamu hizo bajeti ya dola milioni 100. Kwa kipimo cha dalali zingehitaji milioni 250 kila moja, na zote tatu zingevuka, hata The Flash ambayo kila mtu aliicheka. Maana yake ni kwamba kinachoitwa kususiwa na watazamaji ni, kwa sehemu kubwa, tofauti ya bei ya kutengenezea.

Hapa patakuwa na anayesema kwamba watazamaji wenyewe walizikataa filamu hizo. Maoni yao tunayo, wala hatuhitaji kuyakisia. Kampuni ya CinemaScore husimamisha watu wake milangoni mwa kumbi za Marekani usiku wa ufunguzi, ikawapa watazamaji karatasi waipe filamu alama kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Kwa kuwa wanaokwenda siku ya kwanza ni mashabiki, alama ya B ni salamu ya baridi. The Flash ilipata B, na mauzo yake ya Marekani hayakufika hata mara mbili ya yale ya mwisho wa juma la kwanza. Waliotoka hawakumwambia jirani aende. Elemental ya Pixar ilifunguliwa Ijumaa ileile ya Juni 16 kwa dola milioni 29.6 tu, mwanzo wa aibu kwa studio iliyowahi kutawala kiangazi, na Jumatatu wachambuzi walikuwa wameshaichimbia kaburi. Lakini watazamaji walikuwa wameipa A. Hadithi ile ya binti wa moto, mtoto wa wahamiaji wenye duka, ilitembea mdomo kwa mdomo, ikauza mara 5 ya mwanzo wake nchini Marekani, ikapendwa sana Korea Kusini, na kufunga karibu na dola milioni 496 duniani. Kwa bajeti ya 200 ilifika ukingoni mwa faida. Ingegharimu 120, leo ingetajwa kama ushindi. Na Mission: Impossible nayo ilipata A. Watu waliipenda, wakasema wanaipenda, wakalipa karibu dola milioni 570, na bado fedha hazikutosha. Kwa hiyo maoni ya mtazamaji huamua filamu itaishi wiki ngapi, ila hayana nguvu ya kuiokoa na bili iliyoandikwa kabla yeye hajaingia ukumbini.

Sasa tazama upande wa washindi. Julai 21 zilifunguliwa filamu mbili zisizofanana hata kidogo: Barbie ya Greta Gerwig, juu ya mwanasesere wa kampuni ya Mattel, na Oppenheimer ya Christopher Nolan, saa tatu za wanasayansi wakizungumza juu ya bomu la atomiki. Umma ulizifanya sherehe moja, watu wakavaa pinki mchana na nyeusi jioni, na zaidi ya watu 200,000 Marekani walinunua tiketi za zote mbili kwa siku moja. Barbie ilifika dola bilioni 1.44, na Oppenheimer, pamoja na mauzo ya msimu wa tuzo, takriban milioni 975. Gharama zao kwa pamoja hazikufika milioni 250, yaani pungufu ya Indiana Jones peke yake. Uzito wa Oppenheimer ulikuwa mahali pengine. Nakala yake ya IMAX ya milimita 70 ilikuwa mkanda wa kilomita zipatazo 18, wenye uzito wa kilo zaidi ya 250, uliolazwa kwenye sinia kubwa kuliko meza ya harusi, na kumbi 30 tu duniani ndizo zilizokuwa na mashine ya kuuonyesha. Watu walisafiri kutoka mji hadi mji kuufuata. Uhaba ule ulikuwa bidhaa, tena bidhaa ya bei nafuu: mitambo ilikuwa ya kumbi, gharama kwa studio ilikuwa nakala chache, na faida ikawa sifa ambayo tangazo haliinunui. Mission: Impossible, iliyotangulia kwa siku 9, ilipokonywa skrini hizo za IMAX kwa sababu Nolan alikuwa ameshazifunga kwa mkataba. Filamu ya milioni 291 ilishindwa na filamu ya milioni 100 katika kitu rahisi kama kuweka nafasi mapema.

Gharama za studio hazikupanda kwa uzembe mtupu, na haki inatutaka tuseme zilipandaje. Bajeti nyingi za 2023 zilipangwa katika dunia nyingine. Mwaka 2015 filamu ya 7 ya Fast and Furious iliuza dola milioni 390 China peke yake. Fast X ilipata huko takriban milioni 139, maana Wachina sasa wanajaza kumbi zao kwa filamu zao. Urusi ilifungwa na vita ya 2022. Korona ilisimamisha upigaji picha, watu wakalipwa wamekaa, vipimo vikanunuliwa kila siku. Mission: Impossible iliumizwa sana na hilo. Juu ya hayo kulikuwa na vita ya majukwaa ya mtandaoni, ambapo kila studio ilimwaga fedha kana kwamba mshindi angebaki mmoja. Lakini ukishaondoa visingizio vyote vya haki, kinabaki kitu kimoja ambacho ni tabia: kutangaza tarehe ya kiangazi miaka miwili au mitatu kabla, kisha kuanza kupiga picha wakati hadithi haijakaa sawa, kwa imani kwamba kompyuta itarekebisha mbele ya safari. The Flash ilipita mikononi mwa waongozaji kadhaa kabla ya Andy Muschietti kuimaliza. Indiana Jones ilitumia kompyuta kumrudisha ujana Harrison Ford, mzee wa miaka 80, katika sehemu ndefu ya mwanzo. Kazi ya namna hiyo ni kama nyumba inayojengwa huku ramani ikichorwa: kila ukuta unaobomolewa ulishalipiwa tofali, fundi na saruji.

Televisheni ya kiangazi kile ilisema jambo hilohilo kwa lafudhi yake. Julai 2023 kampuni ya Nielsen, inayopima watazamaji wa Marekani, iliona televisheni ya kawaida, ya angani na ya waya kwa pamoja, ikishuka chini ya nusu ya muda wote wa kutazama kwa mara ya kwanza, ilhali majukwaa ya mtandaoni yalifika asilimia 38.7. Kwa mwenye jukwaa hiyo ilikuwa habari njema, mpaka alipouliza watu wanatazama nini. Walikuwa wanatazama Suits. Tamthilia hiyo ya mawakili wa New York ilianza 2011, ikaisha 2019, na wengi nje ya Marekani wanaikumbuka kwa sababu Meghan Markle aliigiza humo kabla ya kuolewa na Prince Harry. Juni 2023 Netflix iliiweka kwenye rafu zake, na kufikia mwisho wa mwaka Wamarekani walikuwa wameitazama kwa dakika bilioni 57.7, rekodi ambayo tamthilia yoyote haikuwa imefikia kwa mwaka mmoja. Tamthilia ya zamani ikazishinda mpya zote zenye mapambo. Wakati huohuo Disney+ ilionyesha Secret Invasion, vipindi 6 vya majasusi na viumbe wa sayari nyingine, ambavyo gharama yake iliripotiwa kuzidi dola milioni 200, na vilipita bila kuacha gumzo. HBO ilitoa The Idol kwa kelele nyingi na kuifuta baada ya vipindi 5. Tamthilia mpya iliyotikisa msimu ilikuwa The Bear, ambayo sehemu yake ya pili inahusu mgahawa mmoja unaokarabatiwa Chicago: ukungu ukutani, kibali cha zima moto kinachokataa kutoka, mpishi anayepima muda kwa sekunde. Hakuna jengo linalolipuka. Sehemu hiyo baadaye ilichukua tuzo 11 za Emmy, rekodi ya wakati ule kwa tamthilia ya vichekesho ndani ya mwaka mmoja. Mtazamaji wa sebuleni, kama yule wa ukumbini, alikuwa akisema kwamba kinachomweka kitini ni watu anaotaka kujua hatima yao, na watu hao hawauzwi kwa uzito wa bajeti.

Ukubwa wa bili hizo una mlipaji, na kiangazi kile alijitokeza barabarani. Waandishi wa Hollywood waligoma Mei 2, wakarudi kazini Septemba 27, baada ya siku 148. Waigizaji waliwafuata Julai 14 na kugoma siku 118. Oppenheimer ilizinduliwa London Julai 13 na waigizaji wake wakaondoka kabla filamu haijaanza. Vyama vyao viwili havikuwa vimegoma pamoja tangu 1960. Madai yalikuwa mengi, akili bandia ikiwemo, lakini kiini kilikuwa malipo ya marudio. Zamani tamthilia ikirudiwa hewani, mwandishi alipata hundi. Katika majukwaa ya mtandaoni, tamthilia inaweza kutazamwa kwa mabilioni ya dakika na aliyeiandika akapata fedha ya nauli. Studio zilijibu kwamba hazina uwezo, na kwa hesabu zao hazikudanganya: huduma za mtandaoni za Disney zilipoteza dola milioni 512 katika robo moja tu ya mwaka, Aprili hadi Juni. Lakini mtu anayetumia milioni 200 kwa vipindi 6 anapomwambia mwandishi kwamba mfuko umekauka, anayekausha mfuko ni nani? Mkataba uliomaliza mgomo uliwapa waandishi nyongeza pale kazi yao inapotazamwa na asilimia 20 ya wateja wa jukwaa ndani ya siku 90 za kwanza. Ni kifungu kidogo chenye maana kubwa, kwa sababu kinafunga malipo kwenye maoni ya mtazamaji badala ya kuyafunga kwenye ukubwa wa ahadi.

Pingamizi la kwanza la kujibu ni hili: kubwa nalo hulipa. Guardians of the Galaxy Vol. 3 iligharimu dola milioni 250, ikauza 845, na hakuna aliyejuta. Na Barbie si filamu ya maskini. Kampeni yake ya matangazo iliripotiwa kugharimu kama filamu yenyewe au zaidi, na Mattel ilifunga mikataba na kampuni zaidi ya 100 zilizopaka kila kitu pinki, kuanzia viatu hadi vyakula. Yote ni kweli, na hoja yangu haisemi kwamba kila kitu kikubwa kitaanguka. Inasema kwamba filamu ya milioni 250 au 300 haina njia nyingine isipokuwa ushindi mkubwa. Guardians ilihitaji milioni 625 ili ipumue, na ikazipata kwa kuwa ilikuwa sehemu ya mwisho ya hadithi iliyopendwa. The Little Mermaid iliuza karibu milioni 570, fedha ambazo filamu nyingi huziota, na bado kwa bajeti iliyokaribia milioni 250 au kuzidi ilibaki nyuma ya mstari. Kuhusu Barbie, fedha za matangazo zilitumika kwa kitu kilichokwisha kutengenezwa na kuonekana kina mvuto. Ni tofauti na kumwaga fedha kwenye mchuzi ambao bado haujajulikana kama umeiva.

Pingamizi la pili ni kwamba filamu ndogo nazo huanguka, na pengine mara nyingi zaidi. Hilo halina ubishi. Joy Ride, kichekesho cha marafiki wanne safarini, kiligharimu takriban dola milioni 32 na hakikuuza hata 16, ingawa wahakiki walikisifu. Lakini linganisha majeraha: ukianguka kutoka kwenye kigoda unajipangusa, ukianguka kutoka mnazini unabebwa. Studio inaweza kukosea Joy Ride tano kwa fedha iliyopotea katika filamu moja ya milioni 300, na katika tano hizo huenda moja ikawa Talk to Me. Wengine husema kumbi haziwezi kuishi kwa filamu ndogo kwa sababu watu hutoka nyumbani kufuata maajabu. Ni sawa, ila maajabu na bei si mapacha. Mwishoni mwa 2023 hiyohiyo Wajapani walileta Godzilla Minus One, yenye bajeti isiyofika dola milioni 15, na Machi 2024 ikaitwa jukwaani kupokea Oscar ya picha za maajabu, ikiwa imeshindana na filamu zilizogharimu zaidi ya mara 10 yake, Mission: Impossible ikiwa mojawapo.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo hutoka kwa wahasibu wenyewe: mapato ya mlangoni si mwisho wa safari. Filamu huendelea kuuza nyumbani, kwenye ndege, kwenye vitu vya kuchezea watoto na mbuga za michezo, na Elemental ilipofika Disney+ ilitazamwa mara milioni 26.4 ndani ya siku 5. Kwa nini basi tuhukumu kwa tiketi? Kwa sababu nguvu ile ya nyumbani ilizaliwa ukumbini. Pixar ilikuwa imepeleka filamu tatu mfululizo moja kwa moja Disney+ wakati wa korona na baada yake, na kwa kufanya hivyo iliwafundisha wazazi kusubiri. Sehemu ya aibu ya ufunguzi wa Elemental ni ada ya somo hilo. Tena mapato ya nyumbani ndani ya kampuni moja ni kama mkono wa kushoto kuulipa wa kulia. Yana thamani, lakini ni rahisi kuyakuza karatasini ili kuficha kwamba kitu kilinunuliwa ghali.

Kwetu Afrika Mashariki msimu ule ulifika kwa njia zake. Kumbi za Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa katika mzunguko wa filamu zilezile kubwa, na kwenye mabanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, na vibanda vya Kampala wafasiri waliendelea kupaza sauti juu ya sauti ya steringi, yaani mhusika mkuu, na kuiuza sinema upya kwa shilingi chache, biashara ambayo studio haioni hata senti yake. Lakini mfano unaouma zaidi una jina la Kiswahili. Julai 5, 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto: Generation Fire, katuni fupi 10 za wabunifu wa Afrika, wakiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Zilikuwa miongoni mwa kazi zenye sura mpya kabisa katika msimu mzima. Mtu wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura angelielewa jina bila kamusi, ila kuzitazama kihalali hakuweza, kwa sababu Disney+ haikuwa imefunguliwa katika nchi hizo. Kampuni hiyo, ambayo Indiana Jones nayo ni yake, ilikuwa na mamia ya mamilioni ya filamu inayomrudisha ujana mzee mmoja, na haikuwa imemfungulia mlango mteja aliyepewa kazi yenye jina la lugha yake. Watengenezaji wa Nairobi, Dar na Kampala, ambao bajeti zao hazijawahi kuwaruhusu kukosea, wanaweza kuisoma hesabu hii kama faraja, lakini waisome zaidi kama mafunzo: uhaba wa fedha haumpi mtu hadithi nzuri, ila humlazimisha kuitafuta kabla ya kuwasha kamera.

Misimu iliyofuata imeendelea kutoa ushahidi kwa pande zote mbili. Kiangazi cha 2024 Furiosa, iliyogharimu takriban dola milioni 168, iliuza kama 174 na kuzama, huku It Ends With Us ikigeuza milioni 25 kuwa zaidi ya 340. Inside Out 2 iligharimu 200 na kuuza karibu bilioni 1.7, kwa hiyo dau kubwa bado hushinda mara mojamoja. Mfano wa kutazamwa kwa makini ni Lilo & Stitch ya 2025. Ilipangwa kuonyeshwa nyumbani kupitia Disney+, kwa hiyo ikapewa bajeti ya nyumbani, kama dola milioni 100. Kisha wakubwa wakabadili mawazo, wakaipeleka ukumbini, na ikauza zaidi ya bilioni 1. Ubahili wa mpango wa kwanza, ambao haukukusudiwa kuwa mkakati, uligeuka kuwa faida kubwa kuliko ya filamu nyingi zilizopangwa kwa kifua mbele.

Turudi kwa papa aliyeuanzisha msimu. Jaws nayo ilivuka bajeti vibaya: siku 55 za kupiga picha zikawa 159, na gharama ikaongezeka zaidi ya mara mbili, ikafika kama dola milioni 9. Sababu kubwa ilikuwa papa wa chuma, ambaye maji ya chumvi yalimharibu kila alipotumbukizwa. Mtu anaweza kuishika hadithi hiyo kama utetezi wa wanaozidisha matumizi. Lakini angalia Spielberg alifanya nini papa alipogoma. Hakununua wa pili aliye mkubwa zaidi. Alionyesha maji matupu, pipa la manjano linaloelea, na uso wa mtu anayetazama baharini, na watu wakaogopa kuoga mwaka mzima. Bajeti ya milioni 295 hununua papa asiyeharibika, anayetii kila amri na kuonekana kila dakika. Kiangazi cha 2023 watazamaji walimwangalia papa huyo, wakalipa bei ya haki ya kumwona, na hawakuogopa.